Mwongozo kamili wa kununua gari la umeme lililotumika kwa safari za kazini

Wengi wanaoniuliza kuhusu magari ya umeme wameshalipa. Gari linang'aa, kilomita ni chache, na muuzaji aliwahakikishia kuwa linakwenda kilomita 200 kwa chaji moja. Sasa wanafika kazini betri ikiwa asilimia 40, na jioni wanarudi nyumbani wamezima kiyoyozi, macho yote kwenye geji. Waliuziwa betri iliyochoka, na hakuna aliyewaonyesha namna ya kuipima kabla ya kutoa pesa.

Kosa linajirudia kwa sababu watu wanakagua gari la umeme kama wanavyokagua la petroli: rangi, viti, sauti ya injini, kilomita zilizotembea. Hapa thamani kubwa imejificha chini ya sakafu, na huwezi kuiona kwa macho. Inapimika, lakini. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, maana kila hatua inatumia jibu la ile iliyotangulia.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Umbali halisi wa safari yako ya kwenda na kurudi kazini, uliosomwa kwenye ramani ya simu au kwenye gari, bila kukadiria.
- Kifaa kidogo cha OBD2 chenye Bluetooth, kile kinachochomekwa chini ya usukani ili simu isome kompyuta ya gari.
- Programu ya simu inayolielewa gari unalolitaka. Kwa Nissan Leaf ni LeafSpy. Kwa Renault Zoe ipo CanZE. Kwa aina nyingine nyingi jaribu Car Scanner. Angalia mapema ni kifaa gani kinakubaliana na programu yako, kwa sababu vile vya bei ya chini kabisa mara nyingi hugoma kuunganika.
- Tochi, daftari na kalamu.
- Makubaliano na muuzaji kwamba ukifika gari litakuwa na chaji isiyopungua asilimia 80, na kwamba utaliendesha kwa kilomita 30 hivi.

Sharti hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Muuzaji anayekataa uendeshe zaidi ya kuzunguka mtaa amekwishakupa jibu.

## Hatua ya 1: Tafuta namba yako

Usitazame tangazo lolote kabla ya kupata namba moja: ni umeme kiasi gani betri yako inatakiwa kubeba. Umeme huo hupimwa kwa kilowati-saa, kWh.

Tuseme safari yako ya kwenda na kurudi ni kilomita 60. Betri nyingi za lithiamu huishi muda mrefu zaidi zikitumika kati ya asilimia 80 na 20, kwa hiyo kwa siku ya kawaida una asilimia 60 tu ya kuchezea. Gawanya 60 kwa 0.6, unapata kilomita 100. Ongeza robo kwa ajili ya kiyoyozi au hita, mvua, milima na foleni: 125. Sasa fikiria uzee. Ukitaka kukaa na gari miaka kadhaa, iachie betri nafasi ya kupungua asilimia 10 nyingine: 125 gawanya kwa 0.9, yaani takriban kilomita 140.

Gari dogo la umeme hutumia kama kWh 16 kwa kilomita 100. Zidisha 140 kwa 0.16, unapata kWh 22.4. Hiyo ndiyo namba yako. Iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Mambo mawili yanaweza kuibadilisha. La kwanza ni mwendo. Ukinzani wa hewa hupanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe, kwa hiyo anayekimbia kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu hula umeme mwingi kuliko anayetambaa mjini, na huyo hesabu yake iwe kWh 20 kwa kilomita 100. Ni kinyume cha gari la petroli, linalokula zaidi mjini. La pili ni soketi kazini. Ukiwa nayo, mahitaji yako yanapungua karibu nusu, ila usiitie kwenye hesabu mpaka mwenye jengo akubali kwa maandishi.

Kuna betri za aina ya LFP, zisizo na nikeli. Hizi zinavumilia kujazwa, na watengenezaji wengi hushauri zifikishwe asilimia 100 mara kwa mara ili kompyuta ya betri isipoteze hesabu. Ukinunua gari lenye betri hiyo, tumia 0.8 badala ya 0.6.

Umefaulu ukiwa na: namba moja ya kWh unayoweza kuieleza ilikotoka.

## Hatua ya 2: Hakikisha nyumbani pana umeme wa kutosha

Watu wengi hudhani ni lazima wafunge chaja kubwa ukutani. Piga hesabu kwanza. Soketi ya volti 230 ikitoa ampea 10 inakupa kilowati 2.3. Kwa saa kumi za usiku hizo ni kWh 23, na baada ya upotevu wa njiani karibu kWh 20 zinaingia kwenye betri. Zinatosha kilomita 120 na ushei. Kwa safari yetu ya kilomita 60, soketi ya kawaida inamaliza kazi kabla hujaamka.

Palipo na volti 120 ni hadithi nyingine: ampea 12 zinakupa kilowati 1.4 tu, kWh 14 kwa usiku mzima kabla ya upotevu. Mwenye safari ndefu huko atahitaji laini kubwa zaidi. Chaja ya ukutani ya ampea 32 kwenye volti 230 hutoa kilowati 7.4.

Hatari haiko kwenye kasi. Iko kwenye soketi yenyewe, kwa sababu gari huvuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo, jambo ambalo pasi au birika haifanyi. Ijaribu kabla hujanunua gari: chomeka hita ya wati 2000, iache saa nzima ukiwa karibu, kisha gusa kifuniko cha soketi. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa ni moto, inanuka plastiki au imebadilika rangi, mwite fundi umeme aweke soketi imara yenye breka yake na waya wa ethi unaofanya kazi.

Onyo: usichaji kwa waya wa kuunganishia uliokunjwa kwenye roli. Waya uliokunjwa hushika joto na unaweza kuwaka.

Kagua pia umbo la plagi. Leaf za kwanza zina Type 1 kwa chaji ya kawaida na CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Magari ya Ulaya yana Type 2, na mengi ya karibuni yana CCS kwa chaji ya haraka. Yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia GB/T. Zoe za kabla ya 2019 hazina kabisa chaji ya haraka ya umeme wa DC, yaani umeme unaoingia moja kwa moja kwenye betri. Adapta ya Type 1 kwenda Type 2 ni kitu rahisi. Ya CHAdeMO kwenda CCS ina elektroniki ndani yake na bei yake inauma. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, chaji ya nyumbani ndiyo muhimu. Chaji ya haraka ni akiba.

## Hatua ya 3: Chuja matangazo ukiwa nyumbani

Puuza umbali wa chaji moja ulioandikwa kwenye tangazo. Leaf ya kWh 40 ilitangazwa Japani kwa kilomita 400 kwa kipimo cha JC08. Kwa kipimo cha WLTP cha Ulaya gari hilo hilo linakwenda 270, na kwa kipimo cha Marekani kama 243. Muuzaji atachagua namba inayompendeza. Wewe muulize kWh na mwaka, ukae hapo.

Kisha mtumie maswali haya, na udai majibu kwa maandishi:

- Betri ni mali yake, au ya kukodi? Renault iliuza Zoe nyingi Ulaya kwa mpango wa kukodisha betri. Ukinunua bila kujua, unarithi malipo ya kila mwezi.
- Udhamini wa betri umebaki kiasi gani? Watengenezaji wengi hutoa miaka 8 au kilomita 160,000, na huahidi betri isishuke chini ya asilimia 70. Leaf za kWh 24 zilipewa muda mfupi zaidi, miaka 5 au kilomita 100,000. Gari likihamishwa kwenda nchi nyingine, mara nyingi udhamini hausafiri nalo.
- Nambari ya chasi ni ipi? Ukiwa nayo, angalia kwenye tovuti ya mtengenezaji kama gari liliitwa kurekebishwa. Chevrolet Bolt zote za 2017 hadi 2022 ziliitwa kwa sababu ya hatari ya betri kuwaka moto, na Hyundai Kona nyingi pia. Iliyokwisha kubadilishiwa betri kwa utaratibu huo ni bahati kwa mnunuzi: gari la zamani, betri changa.
- Naomba picha ya dashibodi, chaji ikiwa imejaa.

Anayejibu "njoo ulione kwanza" kwa kila swali mpe kisogo. Magari yapo mengi.

## Hatua ya 4: Pima betri kwa mkono wako

Hapa ndipo fedha yako inapookolewa, kwa hiyo usiharakishwe.

Anza na yale usiyopaswa kuyaamini. Makisio ya kilomita kwenye dashibodi yanategemea gari lilivyoendeshwa karibuni. Likiendeshwa polepole siku mbili, namba inapanda. Vijistari 12 vya afya ya betri kwenye Leaf navyo vina ujanja wake: cha kwanza hakipotei mpaka betri iwe imepungua takriban asilimia 15. Vijistari vyote 12 vinaweza kumaanisha betri mpya, au betri ya asilimia 86. Baya zaidi, kompyuta ya betri kwenye Leaf za zamani inaweza kufutwa kumbukumbu ili vijistari vyote virudi. Baada ya wiki kadhaa vinaanza kudondoka tena, lakini kufikia hapo pesa imeshakwenda.

Sasa fanya hivi. Washa gari mpaka lioneshe kuwa tayari kuondoka. Chomeka kifaa cha OBD2, unganisha simu, fungua programu. Tafuta SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia. Iandike, na uipige picha ikionekana pamoja na kilomita za gari.

Zidisha SOH kwa uwezo wa betri *unaotumika*, ambao ni mdogo kuliko ule ulioandikwa kwenye tangazo. BMW i3 ya toleo la 94 Ah, kwa mfano, ina betri ya kWh 33 lakini inakuruhusu kutumia 27.2. Leaf ya 24 inakupa kama 21, na ya 30 kama 28.

Rudi kwenye namba yetu, 22.4. Leaf ya 30 yenye SOH ya asilimia 85: 28 mara 0.85 ni 23.8. Inapita. Leaf ya 24 yenye SOH ya asilimia 90: 21 mara 0.9 ni 18.9. Haipiti, ingawa vijistari vyake vyote 12 vinawaka na muuzaji anavionyesha kwa fahari. Ndiyo maana tulianza na hesabu.

Tahadhari moja kuhusu Leaf za kWh 30. Nyingi zilikuwa na programu iliyosoma afya ya betri chini ya ilivyo, na Nissan ilitoa marekebisho mwaka 2018. Ukikuta SOH ya chini sana, uliza kama marekebisho hayo yalifanyika kabla ya kulikataa gari.

Kisha tazama seli, yaani betri ndogo ndogo zinazounda betri kubwa. LeafSpy huonyesha jozi 96 za seli kama safu ya vijiti vilivyosimama bega kwa bega. Betri yenye afya hutoa safu iliyonyooka, tofauti ya juu na chini ikiwa milivolti 10 au 20 chaji ikiwa nyingi. Lakini chaji ikiwa nyingi, hata betri mbovu hupendeza. Seli dhaifu hujifichua chaji ikiwa chini ya asilimia 30 na mguu ukikanyaga: kijiti kimoja kinazama peke yake, wenzake wamesimama. Tofauti ikipita milivolti 100 hapo, jua seli hiyo ndiyo itakayoamua gari linakwenda umbali gani, hata kama nyingine 95 ni nzima. Ikiwezekana, rudi siku nyingine muuzaji akiwa ameishusha chaji.

Umefaulu ukiwa na: SOH iliyopigwa picha, na matokeo ya kuzidisha yaliyo juu ya namba ya Hatua ya 1.

Mimi ningechagua gari lenye kilomita nyingi na SOH nzuri kuliko lililokaa juani miaka limejazwa chaji. Joto na kukaa limejaa huichosha betri hata magurudumu yasipogeuka.

## Hatua ya 5: Liendeshe, kisha ulinganishe

Andika asilimia ya chaji unapoondoka. Leaf za mwanzo hazionyeshi asilimia kwenye dashibodi, kwa hiyo isome kwenye programu. Endesha kilomita 30 kwenye barabara inayofanana na ya kazini kwako, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kwa mwendo wako wa kila siku. Ukiweza, uishie pale ulipoanzia, ili mteremko usikudanganye.

Betri yenye kWh 23.8 kwa matumizi ya 16 inapaswa kwenda karibu kilomita 149, kwa hiyo kilomita 30 zitumie kama asilimia 20. Ukiona 18 au 23, hakuna tatizo. Ukiona 30 wakati programu inadai SOH nzuri, vipimo viwili vinagombana. Hakikisha kwanza kwamba hukukimbia mno na tairi zina upepo wa kutosha. Kama sababu si hizo, kumbukumbu ya betri huenda imefutwa. Ondoka, hata akikupunguzia bei.

Njiani kanyaga kwa nguvu mara moja mahali salama. Gari livute bila kusita. Kwenye Leaf, taa yenye umbo la kobe ikiwaka maana yake gari limejipunguzia nguvu ili kulinda betri. Ikiwaka chaji ikiwa bado ipo ya kutosha, kuna seli mgonjwa. Achia mafuta, kama tulivyozoea kusema, na usikilize gari likijipunguza lenyewe huku likirudisha umeme kwenye betri. Gari la umeme halina mngurumo wa kuficha makelele, hivyo beringi mbovu na shokapu zilizokufa utazisikia waziwazi.

## Hatua ya 6: Lichaji mbele ya macho yako

Chomeka chaji ya kawaida na uiache robo saa. Kisha, kama gari lina soketi ya chaji ya haraka, nenda kituoni ukaijaribu pia. Hizo ni njia mbili tofauti ndani ya gari: ya kwanza hupitia chaja iliyomo garini, ya pili huingia moja kwa moja kwenye betri. Moja inaweza kuwa imekufa na nyingine nzima. Chaja ya ndani ikifa, matengenezo yake ni ghali.

Mulika matundu ya soketi kwa tochi. Weusi, plastiki iliyoyeyuka au pini iliyopinda ni alama za joto la siku nyingi.

Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, ndiyo maana ile ya kWh 40 hupunguza kasi ya kuchaji ukiirudia chaji ya haraka mara kadhaa safarini. Kwa safari za kazini hutaliona tatizo hilo.

## Hatua ya 7: Gari lenyewe

Mlete fundi umwachie shokapu na usukani. Yapo machache ambayo fundi wa petroli anaweza kuyaruka.

Breki: kwa kuwa mota hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, diski hukaa bila kutumika na kuota kutu. Betri ndogo ya volti 12: ikifa, gari haliwaki hata betri kubwa ikiwa imejaa, na wengi wameuziwa matengenezo makubwa kwa ugonjwa huo mdogo. Kiyoyozi: kwenye BMW i3 gesi ya kiyoyozi ndiyo inayopoza betri pia, kwa hiyo "kinahitaji gesi tu" si neno dogo. Skrini: Leaf za soko la Japani huja na maandishi ya Kijapani, na mara nyingi hayabadiliki.

Chini ya gari, tafuta boksi la betri lililobonyea au kuchanika. Inua zulia na utazame bolti za viti. Matope na kutu hapo humaanisha gari lilizama majini, na hilo usilinunue kwa bei yoyote.

Onyo: waya za rangi ya chungwa hubeba volti mia kadhaa. Zitazame tu. Usizishike, wala usimruhusu fundi asiyesomea mifumo hiyo azifungue.

## Hatua ya 8: Mkataba na mwezi wa kwanza

Andika SOH, tarehe, kilomita na nambari ya chasi ndani ya mkataba wa mauziano, na muuzaji atie saini kando ya namba hizo. Dai funguo zote na waya wa kuchajia. Mwambie pia aondoe gari kwenye akaunti yake ya simu mbele yako, la sivyo anaweza kuendelea kuona lilipo, na kwa baadhi ya magari hata kulifungua.

Ukifika nyumbani, weka kikomo cha chaji asilimia 80 kama gari linaruhusu. Kama haliruhusu, tumia saa ya kuchaji ili limalize muda mfupi kabla hujaondoka asubuhi, lisikae limejaa usiku kucha. Siku ya safari ndefu lijaze bila wasiwasi.

Pima SOH tena kila wiki kwa mwezi mmoja. Kupanda na kushuka asilimia moja au mbili kwa sababu ya joto na baridi ni kawaida. Ikishuka mfululizo wiki baada ya wiki, chukua picha zako na mkataba ule wenye saini umrudie muuzaji mwezi huo huo, namba zikiwa bado mbichi.